Ponte City: Nani Anabeba Taka?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wasanifu, wahandisi, wanafunzi na wasimamizi wa majengo ya kupangisha. Waliokosa wameomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa, isipokuwa picha za ukutani.

Mgeni rasmi, walimu wangu, ndugu wasanifu na wahandisi, wanafunzi, na ninyi mliojikusanya kule nyuma ambao kazi yenu ni kupigiwa simu saa nane usiku bomba likipasuka. Nawasalimu nyote. Wa nyuma nawasalimu mara mbili, maana leo nitazungumza habari zenu kuliko za hawa wa mbele.

Nimeombwa nieleze usanifu na historia ya jengo moja mashuhuri la makazi mjini. Nadhani waandaaji walitegemea nitawapeleka New York, au Barcelona kwa msanifu Gaudí. Nimeamua kubaki barani kwetu. Nimechagua Ponte City, Johannesburg.

Nani hapa amewahi kufika Joburg? Naona mikono. Basi mmeliona, hata kama jina hamkulijua. Ni ule mnara wa mviringo wenye tangazo la kampuni ya simu lililozunguka kichwani. Uko mtaa wa Berea, ubavuni mwa mtaa wa Hillbrow, tena juu ya mwinuko, kwa hiyo karibu kila upande wa mji unaweza kuuona. Ghorofa 54. Mita 173 kwenda juu. Ulikamilika mwaka 1975, na kwa miongo kadhaa ulihesabiwa kuwa jengo refu la makazi kuliko yote Afrika.

Jengo hili limesemwa sana. Limeandikwa kama pango la wahalifu. Watengeneza sinema wamelitumia wakitaka kuonyesha dunia iliyoharibika. Limependekezwa hata ligeuzwe jela, na hilo nitalifikia. Na kila anayelisema ana mshitakiwa wake. Wa kwanza anasema tatizo ni urefu, binadamu hakuumbwa kuishi angani. Wa pili anasema tatizo ni umbo lile la ajabu. Wa tatu anashusha sauti kidogo, anakwambia tatizo ni watu walioingia.

Sikubaliani na hata mmoja wao. Nimekuja na swali moja, nami nitalirudia mpaka mlichoke: nani anabeba taka?

Tuanze na shimo.

Ponte ni tupu katikati. Ni bomba la zege lililosimamishwa wima. Nyumba zimepangwa pembeni, zimelizunguka shimo, na shimo lenyewe liko wazi juu. Mvua ikinyesha Johannesburg, inanyesha pia ndani ya Ponte.

Kwa nini lilijengwa hivyo? Wanafunzi, nijibuni. Nasikia mtu anasema urembo. Mwingine anasema uimara. Hapana. Ilikuwa kanuni ya jiji. Rodney Grosskopff, mmoja wa wasanifu watatu waliolichora pamoja na Mannie Feldman na Manfred Hermer, alieleza miaka ya baadaye kwamba kanuni za Johannesburg za wakati ule zilitaka kila jiko na kila bafu liwe na dirisha. Ni kanuni ya mstari mmoja tu, ndugu zangu, na ndiyo iliyozaa moja ya majengo ya ajabu zaidi Afrika.

Hebu pigeni hesabu pamoja nami. Mtu amekupa kiwanja kwenye mwamba, anataka nyumba karibu mia tano. Utafanyaje? Utakwenda juu. Na ukienda juu, duara lina faida zake. Kwa eneo lile lile la sakafu, duara ndilo lenye ukuta wa nje mfupi kuliko umbo lolote, na kila mpangaji anapata mji mzima mbele ya dirisha lake. Lakini mnara mnene wa duara una tumbo, na tumboni ni giza. Huko ndiko msanifu kwa kawaida anakoficha jiko na bafu, anaweka feni ya kuvuta hewa, anafunga daftari. Johannesburg ilisema hapana, lete dirisha. Basi wakalitoboa tumbo lenyewe, mwanga ukaingia kila nyumba kutoka pande mbili, nje na ndani.

Mimi huupenda uamuzi ule. Nasema wazi, kwa sababu wapo wenzetu wanaolicheka jengo hili kana kwamba lilichorwa na mlevi. Halikuchorwa na mlevi. Lilichorwa na watu waliobanwa na kanuni, wakaitii mpaka ikawapa umbo ambalo hawangelifikiria wakiachiwa huru.

Dosari zipo. Chumba kwenye duara kinatanuka kadiri unavyoelekea dirishani na kubanana unaporudi mlangoni. Lete kabati lako la kawaida, lenye mgongo ulionyooka, ulisukume kwenye ukuta wenye mkunjo. Nyuma yake panabaki upenyo. Humo ndimo mswaki utakapoangukia, na chaja ya simu, na mende watapata makazi bila kulipa kodi. Fundi seremala aliyeko hapa ananielewa.

Nilisimama chini kabisa ya shimo lile, na hapo ndipo nilipolielewa jengo. Unategemea ukumbi, sakafu, pengine bustani. Unakuta mwamba. Mwamba mtupu wa kilima, haukusawazishwa, umeinuka upande mmoja na kushuka upande mwingine, na viatu vinateleza palipo na unyevu. Unainua kichwa. Madirisha juu ya madirisha, duara juu ya duara, mpaka shingo inauma, na mwisho kabisa kijiduara cha mbingu. Mtu akiangusha sufuria huko juu unaisikia kana kwamba imekuangukia wewe. Mtoto alikuwa analia mahali fulani, na sikuweza kujua kama ni ghorofa ya sita au ya arobaini.

Mnajua eneo lile waendelezaji walitaka kulifanyia nini? Sakafu ile ina karibu mita za mraba 3,000. Katika mipango ya awali lilikuwamo wazo la kuweka humo mteremko wa kutelezea kwenye theluji. Theluji! Ndani ya nyumba, Johannesburg! Mnacheka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa hali ya miaka ile. Chini yangekuwa maduka, kila kitu kingepatikana humo humo, mpangaji asiwe na haja ya kukanyaga barabara. Tangazo kubwa la juu, kabla halijawa la simu, lilikuwa la Coca-Cola. Mji ulikuwa na fedha na ulijiona umefika. Miaka miwili tu kabla, jirani yake Carlton Centre ilikuwa imekamilika, mita 223.

Kwa hiyo waliofikiria shimo lile walifikiria mwanga. Walifikiria hewa. Walifikiria hata theluji. Nauliza: nani alifikiria mpangaji wa ghorofa ya 30, lifti imekufa, ana mfuko wa taka mkononi, na mbele yake kuna dirisha la ndani?

Wekeni swali hilo pembeni, tutalirudia. Kwanza tuulize jengo lilijengwa kwa ajili ya nani.

Lilijengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mwaka 1950 utawala wa makaburu ulipitisha sheria ya kuigawa miji kwa rangi za watu, mtaa huu wa Wazungu, ule wa Wahindi, ule wa Machotara, na Mwafrika apelekwe mbali, arudi asubuhi kufanya kazi. Hillbrow na Berea yalikuwa maeneo ya Wazungu. Mwafrika alikuwamo, sawa, lakini kama mtumishi. Katika majengo mengi ya ghorofa ya Johannesburg watumishi walilala kwenye vyumba vya juu ya paa, na watu wakaviita lokesheni za angani. Fikirini hilo, wasanifu. Mtu anayeyasafisha madirisha yote ya jengo analala juu kuliko wote, na sheria inamhesabu kuwa hakai pale.

Ponte ilikamilika 1975. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto, mtaa wa Waafrika wa Johannesburg, waliingia barabarani na risasi zikawapokea. Ni mji mmoja huo huo.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayorukwa na kila anayesimulia habari za Ponte. Watu husimulia hivi: jengo lilikuwa zuri, halafu makaburu wakaondoka, halafu likaharibika. Kana kwamba uhuru ndio uliovunja lifti. Si kweli. Mambo yalianza kuoza miaka mingi kabla ya 1994, na yalioza kwa sababu ya sheria yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wazungu wenye uwezo walikuwa wanahamia vitongoji vyenye bustani. Nyumba za Hillbrow zikawa wazi. Upande wa pili, Waafrika, Wahindi na Machotara hawakuwa na pa kuishi, maana serikali ilikuwa haiwajengei za kutosha huko ilikowasukuma. Mwenye jengo ana vyumba vitupu, mtu ana fedha na hana chumba. Mnadhani nini kitatokea? Sheria ilikataza, wakapangishana hivyo hivyo.

Mwaka 1982 ikaja kesi ya Govender. Mama wa Kihindi alikuwa anaishi katika eneo la Wazungu, akashitakiwa, ikatakiwa aondolewe. Jaji Richard Goldstone akaamua kwamba mahakama hailazimiki kumfukuza mtu kwa sababu tu amevunja sheria ile. Lazima kwanza itazame kama ana mahali pengine pa kwenda. Na mahali pengine hapakuwapo. Kwa uamuzi huo mmoja, kufukuza watu kukawa kugumu mno. Sheria haikufutwa, ilibaki kitabuni ikiwa imelegea magoti, na watu wakazidi kuhamia Hillbrow. Maeneo ya namna hiyo, ya rangi zilizochanganyika, yakaitwa maeneo ya kijivu.

Vizuri? Vizuri, ndiyo. Lakini tazameni kilichotokea kwenye mkataba wa pango, na hapa wa nyuma tegeni masikio. Chukueni muuguzi wa Kiafrika, ana mshahara, anataka chumba karibu na hospitali. Kisheria hawezi kusaini. Anatafutwa Mzungu asaini kwa niaba yake. Mkataba una jina la Mzungu, chumbani anaishi muuguzi, na Mzungu huyo mara nyingi anataka chake. Mwenye jengo anajua kila kitu. Anapandisha kodi. Muuguzi anakwenda kulalamika wapi? Polisi? Akifika polisi ndiye mkosaji. Baraza la nyumba? Jina lake halimo. Lifti ikikwama wiki mbili, atamwandikia nani barua, na ataisaini kwa jina gani?

Hapo ndipo Hillbrow ilipovunjika, ndugu zangu. Zege lilikuwa zima kabisa. Ila alipatikana mpangaji anayelipa zaidi na hawezi kudai chochote. Mwenye jengo akagundua kwamba anaweza kukusanya kodi bila kukarabati. Na akishagundua hivyo, nani anabeba taka? Watu wengi zaidi wakajazana chumba kimoja ili waimudu kodi ile, na mabomba yaliyopimwa kwa watu wawili yakahudumia sita. Benki nazo zikaanza kuyakwepa maeneo hayo, hazikopeshi mnunuzi wala mkarabati. Hata mwenye jengo mwenye nia njema, nao walikuwapo, hakupata mkopo wa kununua pampu mpya.

Sheria ya kugawa miji ilifutwa mwaka 1991. Ilifutwa ikiwa imeshamaliza kazi yake.

Basi turudi kwenye dirisha la ndani.

Miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990, magenge yakaingia Hillbrow na yakaingia Ponte. Siwezi kuwapamba. Dawa za kulevya, ukahaba, bunduki, yote yalikuwapo. Wenye jengo wakaliacha lijiendee. Na shimo lile la kuleta mwanga likaanza kujaa. Lilijaa taka mpaka rundo likafika urefu wa ghorofa tano. Wapo wanaotaja ghorofa nyingi zaidi ya hizo. Mimi nachukua hesabu ndogo, maana hata hiyo inatosha.

Taka zinapandaje ghorofa tano? Wengi wakisikia hivi husema, ah, watu wachafu. Nataka tuache kusema hivyo, angalau ndani ya ukumbi huu. Jiwekeni kwenye ghorofa ya 30. Lifti haifanyi kazi, na haifanyi kazi si leo, ni tangu mwezi uliopita. Ngazi hazina taa. Kwenye ngazi kuna vijana usiowajua. Una mtoto mgongoni na mfuko wa maganda unaoanza kunuka. Utashuka ghorofa 30 na kupanda ghorofa 30? Leo labda. Kesho? Na ukishuka, unakuta pipa limejaa kwa sababu gari la taka halijaja, au halijalipwa. Siku ya kwanza mtu mmoja anafungua dirisha la ndani, anatazama kulia, anatazama kushoto, anaachia. Mfuko unaanguka kimya muda mrefu, halafu unasikika. Hakuna anayeulizwa. Siku ya pili ni watu kumi. Baada ya hapo ndiyo desturi ya nyumba.

Mnauona mnyororo? Kodi haitunzi lifti, lifti inakufa. Lifti ikifa, ngazi zinakuwa za wenye nguvu. Ngazi zikiwa zao, taka hazishuki. Ule msemo wa ufa na ukuta mnaujua, sitawachosha nao. Ninachosema ni kwamba katika jengo la ghorofa 54, lifti ndiyo barabara ya mtaa. Barabara ikikatika, mtaa unakuwa kisiwa, hata uwe na wakazi wastaarabu namna gani.

Na kumbukeni kwamba muda wote huo watu walikuwa wanaishi mle. Walikuwa wanapika, wanavaa sare, wanapeleka watoto shule. Wengi walikuwa wageni kutoka Kongo, Zimbabwe, Nigeria na kwingine. Hata leo ukipanda lifti ya Ponte usishangae kusikia Kiswahili cha Wakongo nyuma yako. Mgeni mjini hana mjomba wa kumpokea, anakwenda mahali ambapo hataulizwa barua za utambulisho. Ponte ilikuwa mahali pa kufikia. Waliolichukia jengo wengi walilitazama kutoka barabara kuu, madirisha ya gari yamefungwa.

Katikati ya miaka ya 1990 likatolewa pendekezo la kuligeuza jela. Na jamani, kimchoro lilikuwa pendekezo lenye mantiki ya kutisha. Mwishoni mwa karne ya 18 Mwingereza Jeremy Bentham alibuni jela ya duara, vyumba pembeni, mlinzi katikati anawaona wote. Ponte ilikuwa tayari ina duara, ina katikati, ina vyumba. Umbo lile lile lililoletwa na kanuni ya dirisha la jikoni lingeweza kufungia watu. Wasanifu, msidhani umbo lina maadili yake. Halina. Linasubiri kuambiwa litumike vipi.

Niwatoe Johannesburg dakika chache. Wakati zege la Ponte linajiandaa kupanda, huko St. Louis, Marekani, walikuwa wanabomoa. Pruitt-Igoe ilikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950, msanifu Minoru Yamasaki, yule yule aliyechora minara ya World Trade Center. Mwaka 1972 wakaanza kuyalipua mbele ya kamera, na kufikia 1976 hayakubaki. Wakosoaji wakatangaza kwamba usanifu wa kisasa umefariki. Picha ya jengo likianguka kwa vumbi ikazunguka dunia na kila mwanafunzi wa usanifu ameonyeshwa.

Wasichoonyeshwa ni daftari la mahesabu. Fedha za kutunza Pruitt-Igoe zilitegemea kodi za wapangaji wenyewe, watu maskini, katika mji uliokuwa unapoteza wakazi. Nyumba zikibaki tupu, kodi inapungua. Kodi ikipungua, ukarabati unapungua. Ukarabati ukipungua, nyumba nyingine zinabaki tupu. Na lifti, ili kubana matumizi, zilichorwa zisisimame kila ghorofa. Ukishuka unamalizia kwa ngazi. Nani anabeba taka? Pruitt-Igoe ilijibu vibaya, ikalipuliwa. Ponte ilijibu vibaya vile vile, lakini bahati yake ni kwamba zege la mnara wa mita 173 juu ya mwamba, nyumba za watu pande zote, si kitu cha kulipua kirahisi. Ukubwa wake ndio ulioipa Ponte muda wa kupona. Huo ni uamuzi wangu, anayeupinga tutajadiliana kwenye chai.

Na kweli lilianza kupona. Mwaka 2001 kampuni ya Trafalgar ilichukua usimamizi na kuanza kurekebisha kimoja baada ya kingine. Hakukuwa na sherehe wala mchoro mpya wa kusisimua. Kazi ya usimamizi wa jengo haina picha nzuri za kuonyesha, ndiyo maana hata leo sikuileta.

Halafu ikaja tamaa ya kurudi 1975. Mwezi Mei 2007 jengo likapata wawekezaji wapya na mradi ukaitwa New Ponte. Nyumba 467, maduka, starehe. Kombe la Dunia la 2010 lilikuwa linakuja, uwanja wa Ellis Park uko karibu, na jiji lilikuwa linapanga kumwaga mamia ya mamilioni ya randi kwenye maeneo hayo. Wapangaji wengi wakaondolewa, nyumba zikavuliwa mpaka ukutani. Mwaka uliofuata mtikisiko wa benki ulioanzia Marekani ukafika, mikopo ikakauka, mradi ukafa. Umiliki ukarudi kwa kampuni ya Kempston Group, wenye jengo wa kabla ya mradi.

Mnaona kinachonishangaza? Miaka ya nyuma mpangaji alihukumiwa kwa sababu hakulipa, au ni mgeni, au ni mchafu. Safari hii mpangaji alikuwa analipa, na aliyelitikisa jengo alikuwa na suti na mchoro wa kompyuta.

Baada ya hapo wakarudi kwenye kazi isiyo na sherehe. Shimo likasafishwa, mlango ukalindwa, nyumba zikapakwa rangi, zikapangishwa kwa watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 2012 kikaanzishwa humo kituo cha Dlala Nje, kwa ajili ya watoto wa jengo na mtaa, na hao hao huwatembeza wageni Hillbrow kwa miguu. Mimi pia niliingia shimoni kama mgeni, nikiwa na mwenyeji. Jengo si pepo. Hillbrow bado ni Hillbrow, na mfuko wa suruali unaushika. Lakini familia zinaishi, na kuna watu wanaopanga foleni ya kupata nyumba mle.

Nina jambo moja zito la kusema kabla sijashuka, nalo linawahusu wale wanaosema tatizo ni urefu.

Tarehe 31 Agosti 2023, usiku, moto uliwaka katika jengo la Mtaa wa Albert, Johannesburg hiyo hiyo. Walikufa watu zaidi ya 70. Jengo lilikuwa la ghorofa tano. Tano! Enzi za makaburu lilikuwa ofisi ya kusimamia vibali vya Waafrika kuingia mjini. Hapo ndipo babu za watu walipopanga foleni kuomba ruhusa ya kufanya kazi katika mji wao. Mwenye jengo alikuwa jiji lenyewe. Lilikuwa katika yale wanayoyaita majengo yaliyotekwa, ambamo mwenye mali ameondoka na mtu mwingine anakusanya kodi mlangoni. Ndani vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa mbao na mapazia, na njia za kutokea zilikuwa zimefungwa.

Ghorofa tano, jengo la serikali, katikati ya mji, zaidi ya watu 70. Ghorofa 54, jengo lililotukanwa kuliko yote, limesimama na watoto wanacheza chini. Nani atasimama hapa aniambie tena kuhusu urefu?

Wanafunzi, mwakani mtaleta michoro ya mwisho. Nimekaa kwenye meza ya kusahihisha miaka mingi na najua mtakavyokuja. Mtakuja na picha ya jengo machweo, miti inapepea, mama mwenye mbwa anapita. Nitawauliza chumba cha taka kiko wapi. Nitawauliza lori la taka linageukia wapi. Nitawauliza lifti moja ikiwa kwenye matengenezo, mgonjwa wa ghorofa ya 19 anashukaje. Na nitauliza ni sehemu gani ya kodi ya kila mwezi imetengwa kwa ajili ya lifti, na imeandikwa kwenye mkataba upi. Msiniambie hilo si la msanifu. Grosskopff na wenzake walichora dirisha kwa sababu kanuni iliwalazimisha. Hakuna kanuni iliyowalazimisha kuchora njia ya taka kutoka ghorofa ya 30, na nyote mmesikia kilichofuata.

Ninyi wa nyuma, mnaosimamia majengo: mkae kwenye vikao vya michoro. Mkiwa hamkualikwa, njooni hivyo hivyo, semeni nimewatuma.

Kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni kama mimi mwenyewe ningekubali kuishi Ponte. Ningekubali, tena juu, upande unaotazama katikati ya mji, na kabati langu ningelitengenezea mgongo wa mkunjo. Ila kabla ya kusaini mkataba ningeshuka ofisini kwa msimamizi nikamwomba daftari la huduma za lifti. Nisingesoma maelezo. Ningetazama tarehe tu, zimefuatana vipi, na sahihi za fundi.

Maswali sasa. Anza wewe dada, mwenye kilemba cha bluu.